Azimio la Nane

Tarehe 4 Februari

Mwanangu Mbishi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi. Mama yako anakusalimu na anauliza kama bado unakula ukiwa umesimama.

Nakuandikia kwa mkono wangu kabla barua rasmi haijakufikia, maana sitaki uifungue mbele ya wenzako kwenye chumba cha walimu. Halmashauri ya kanisa imeletewa malalamiko juu ya mhadhara wako wa mwezi uliopita. Wanasema uliwaambia wanafunzi wa uchungaji kwamba ile mistari miwili ya barua ya kwanza kwa Wakorintho, inayowaamuru wanawake wanyamaze kanisani, huenda haikuandikwa na Mtume Paulo. Wengine wanasema ulicheka ulipokuwa ukiyasema hayo. Hilo la kucheka sikuliamini.

Pamoja na barua rasmi utakuta karatasi ya kusaini. Ni sentensi tatu tu, kwamba unafuta uliyoyasema na hutayafundisha tena. Ukiisaini kabla ya kikao cha tarehe 9 Machi, yameisha. Usiposaini, jina lako linatoka kwenye ratiba ya muhula ujao na nyumba ya chuo utaikabidhi. Mimi ndiye mwenyekiti wa halmashauri, na kwa kuwa wewe ni damu yangu sitaruhusiwa kukutetea wala kupiga kura. Nitakaa pale kama picha ya ukutani.

Usidhani baba yako ni mshamba wa mambo haya. Nilipokuwa chuoni nilipaka vitabu vitano vya Musa rangi kwa penseli nne, rangi moja kwa kila chanzo ambacho wasomi wanadhani kiliunganishwa humo, nikawaambia wazee wa kanisa la nyumbani kwamba Musa hakuandika yote. Nusura wanifukuze. Kwa hiyo historia naijua, na ilinigharimu. Ila sisi tulijua pa kuishia.

Saini, mwanangu. Mambo yakitulia utafundisha hayohayo kwa maneno laini.

Baba yako


Tarehe 11 Februari

Shikamoo Baba,

Mwambie Mama siku hizi nakula nimekaa, ila nasahihisha mitihani hapohapo.

Karatasi nimeisoma mara mbili na kuirudisha kwenye bahasha bila saini. Sikucheka darasani, hilo ulifanya vema kutoliamini. Mengine ni kweli.

Ngoja nikueleze nilichosema, usije ukahukumu maneno ya kuletewa. Penseli zako nne ziliuliza swali moja: maneno haya yametoka wapi? Swali zuri, na mimi nalifundisha mpaka leo. Lakini sasa tunauliza na mengine. Yalipita mikononi mwa nani? Nani aliyanakili, akiwa anaogopa nini? Baadhi ya nakala za kale zilizoandikwa kwa mkono zinaiweka mistari ile miwili pale tuliyoizoea. Nyingine zinaiweka mwisho kabisa wa sura, baada ya mstari wa arobaini. Maneno yanayohamahama namna hiyo yanatia shaka. Huenda mtu aliyaandika pembeni mwa ukurasa kama maoni yake, na wanakili waliofuata, wasijue ni ya wapi, kila mmoja akayaingiza alipoona panafaa. Si lazima iwe hivyo, Baba, na darasani nilisema si lazima. Wako wasomi wazuri wanaokataa. Lakini barua hiyohiyo, sura tatu nyuma, inazungumzia wanawake wanaosali na kutoa unabii mbele za watu kama jambo la kawaida. Nani basi amewanyamazisha njiani?

Wanafunzi waligoma kuamini kwamba maneno ya pembeni yanaweza kugeuka sheria. Nikaona niwaonyeshe kitu cha karibu. Tulikwenda kwenye chumba cha nyaraka nyuma ya kanisa, tukachukua madaftari mawili ya kumbukumbu za vikao. Moja ni lile la zamani lililoliwa na mchwa. La pili ni lile ambalo marehemu karani alilinakili upya ili la kwanza lisipotee. Wakakaa wawiliwawili, rula mkononi, wakalinganisha mstari kwa mstari. Walicheka sana, maana nusu ya vikao vyenu ilikuwa ni kwaya kuchelewa.

Kisha wakafika kwenye kikao cha Mei, miaka thelathini na moja iliyopita. Daftari jipya lina maazimio manane. La zamani lina saba. Yale saba yote yana idadi ya kura kando yake. La nane, "Wanawake wasihubiri", halina kura hata moja. Na kwenye daftari la zamani, maneno hayo yako pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, karibu na azimio la saba linalohusu paa linalovuja. Baada ya "wasihubiri" sentensi inaendelea, kwa maana kuna kipande cha herufi, halafu tundu la mchwa mpaka ukingoni.

Wanafunzi wakaweka rula chini. Na mimi nilimfikiria Shangazi. Mimi nilikuwa na miaka tisa alipoacha kuhubiri, na nakumbuka jibu lake kila nilipomuuliza: halmashauri imeamua. Baadaye likawa: Azimio la Nane.

Wewe ndiye uliyekuwa mchungaji na ndiye uliyeongoza kikao kile. Unakumbuka nini?

Mwanao Mbishi


Tarehe 17 Februari

Mwanangu,

Nilikupeleka shule usome, sikukutuma kupekua.

Nimesoma barua yako na presha ikapanda, mama yako ni shahidi. Unachanganya mambo mawili. Sisi tulitafuta chanzo cha maneno. Ninyi wa siku hizi mnatafuta mkosaji. Mnalifungua Neno la Mungu kama polisi wanavyofungua sanduku la mtuhumiwa, halafu mnaiita kazi hiyo historia.

Kikao hicho nakikumbuka kwa mbali. Vikao vilikuwa vingi na paa lilikuwa linatumaliza. Kuhusu hayo maneno ya penseli, marehemu karani alikuwa na mazoea ya kujiandikia vitu pembeni. Huenda ni yake. Amelala, hawezi kujibu, mwache apumzike.

Na hata ikiwa kura haikupigwa, nikuulize swali moja la kisomi. Kanisa limeliishi azimio hilo kwa miaka thelathini na moja. Watoto wamezaliwa, wamebatizwa, wameoa chini yake. Kitu kikiishi hivyo katikati ya watu kinapata uzito wake, hata kama kiliingia kwa mlango wa nyuma. Ndivyo ilivyo pia kwa mistari unayoisumbua. Iko ndani ya Biblia. Imo. Nani kakupa kazi ya kuitoa?

Shangazi yako ameridhika na maisha yake. Usimtie maneno mdomoni.

Zimebaki wiki tatu. Saini.

Baba yako


Tarehe 22 Februari

Baba,

Hapo kwenye uzito umesema jambo la maana, na nimeliandika ubaoni bila kutaja limetoka kwa nani. Nakubali kwamba maneno yakikaa muda mrefu yanakuwa na historia yake. Ndiyo maana simwambii mtu achukue mkasi. Ninachosema ni kwamba, kama yana uzito, basi tuseme yamemwangukia nani. Mtu aliyebebeshwa ana haki ya kujua mzigo huo alipewa na nani.

Sasa la karani. Nilipokuandikia sikusema mwandiko ni wa nani. Niliacha makusudi, ili useme mwenyewe. Wewe ukamsingizia maiti.

Baba, mwandiko ule ndio ulionilea. Uliniandikia kila wiki ya pili nikiwa shule ya bweni, miaka sita, na barua zote ninazo kwenye sanduku chini ya kitanda. Hiyo W yako yenye mguu mmoja mrefu hakuna mtu mwingine anayeiandika duniani. Karani aliandika kwa wino, herufi zimelala kulia, na penseli hakuigusa. Wanafunzi hawakuujua mwandiko. Mimi niliujua kabla sijamaliza neno la kwanza, nikafunga daftari na kuwaambia muda umekwisha, na muda ulikuwa haujaisha.

Nimekasirika, na ni afadhali niseme kuliko kukununia. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ukweli hauogopi maswali. Nilikuwa najivunia zile penseli zako nne mbele ya watu.

Karatasi yenu siisaini. Wakitaka ratiba wachukue, wakitaka nyumba funguo nitaziweka mezani, nina mikono na nina kichwa. Tarehe 9 nitakuja na madaftari yote mawili. Jina lako sitalitaja. Ila wakiniuliza mwandiko ni wa nani, nitawaambia wamuulize mwenyekiti, na nitakaa chini nisubiri.

Kazi yangu inaishia ukingoni mwa karatasi. Kilichokuwa kwenye tundu la mchwa anakijua mtu mmoja aliye hai. Na kabla hujawaambia wao, kuna mtu mwingine unayepaswa kumwambia kwanza.

Mwanao Mbishi


Tarehe 27 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Tunakaa mitaa mitatu tu na bado nakuandikia barua. Nilifika mpaka getini kwako juzi asubuhi, nikakuona unaanika nguo, nikarudi. Kwa karatasi sitaweza kugeuza maneno njiani.

Unakumbuka ile Jumapili uliyohubiri juu ya mume anayempiga mkewe kisha anagawa ushirika. Hukutaja jina, lakini kanisa zima liligeuka kumtazama yule mzee wa kanisa. Jumatatu alikuja nyumbani kwangu na wenzake wanne. Walisema wewe ukipanda tena mimbarini, wao na jamaa zao wote wanahama, na barua ya kuniondoa wataiandika wao. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na nilikuwa nimeshachoka kuitwa mchungaji wa penseli za rangi. Niliogopa, Dada.

Kikao kilichofuata kilijadili paa. Suala lako halikuletwa, kwa kuwa sikulileta. Wakati wanabishana juu ya mabati, niliandika pembeni: "Wanawake wasihubiri, mpaka mambo yatulie." Yalikuwa maneno yangu kwangu mwenyewe, ya wiki mbili tatu. Nikaja kwako jioni ile nikakuambia halmashauri imeamua. Sikuweza kusema ni mimi.

Mambo yakatulia, na utulivu ule nikaupenda. Miaka minne baadaye mchwa wakaingia kabatini, karani akanakili daftari, na alipoona mwandiko wa mchungaji wake akadhani ni azimio lililosahauliwa namba. Akalipa namba ya nane. Nusu ya pili ilikuwa imeshaliwa. Niliposoma nakala yake niliona kosa palepale. Nikatia saini kwamba ni sahihi.

Hilo la saini mtoto bado halijui. Wewe ndiye wa kwanza.

Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako


Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Siku ile ulivyorudi getini nilikuona. Nilidhani umekuja kuazima ngazi.

Nimeisoma barua yako nikatoka nje nikafagia uwanja mzima, nikarudi nikaisoma tena. Unasema uliogopa. Najua uliogopa, nilikulea, wewe ulikuwa unaogopa hata kuku. Ingekuwa umeniambia, "Dada, naogopa," tungekaa tukalizungumza. Au ningekuzaba kibao kisha nikapanda mimbarini, na leo tungekuwa tunacheka.

Lakini uliniambia halmashauri. Mimi niliitii halmashauri. Nilijua ni watu kumi na wawili waliosali, wakashauriana, wakapiga kura. Kumbe ni wewe na penseli.

Sasa nikueleze kitu ambacho na wewe hukijui. Yule mama, mke wa mzee wa kanisa, aliletwa hospitalini, nilikokuwa muuguzi, mara mbili baada ya wewe kuninyamazisha. Mara ya pili mimi ndiye niliyemshona, nyuzi kumi na moja juu ya jicho. Nikiwa namshona akaniuliza, "Sista, mbona umeacha kutusemea?" Nikamjibu, "Halmashauri imeamua." Akafumba lile jicho zima, hakuniuliza tena. Mwaka ule aliondoka, sijui aliko. Hilo ndilo lililokuwa kwenye tundu lako la mchwa.

Na jana mtoto alinionyesha barua uliyomwandikia, usinitungie kwamba nimeridhika. Miaka ishirini na mbili, kila asubuhi kabla ya kubadilishana zamu, nilihubiri kwenye wodi ya wazazi, dakika kumi, nimevaa aproni. Azimio lenu halikuwa na nguvu kule. Hata daktari mkuu alikuwa anasimama mlangoni anasikiliza, akijifanya anasoma faili.

Nimekusamehe? Bado. Nitakapokusamehe nitakuambia, usiniulizeulize. Kawaambie wao, kwa mdomo wako, na lile la saini pia. Usinifanye mimi kisingizio cha machozi yako. Na yule mtoto akipoteza kazi kwa ajili ya penseli yako, mimi na wewe hatuzikani.

Dada yako


Tarehe 10 Machi

Mwanangu Mbishi,

Jana ulitolewa nje baada ya kueleza madaftari yako, kwa hiyo hukuona yaliyofuata. Umeyasikia kwa watu kwa namna kumi tofauti. Hii ni namna yangu, na unaijua kazi, utaipima.

Mlango ulipofungwa katibu aliuliza, "Sasa huu mwandiko ni wa nani?" Wote wakakitazama kiti chako kilicho tupu. Mimi nikasimama. Nilikuwa nimejiandikia maneno ukurasa mzima, nikakuta siwezi kuusoma, nikasema tu: "Ni wangu. Na nilijua." Nikawaeleza yote, wale wazee watano, paa, lile neno "mpaka mambo yatulie", na kwamba nilitia saini nakala ya karani nikijua ina kosa. Nilimwomba marehemu radhi kwa jina lake mbele yao.

Kijana mmoja mjumbe akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii tumekuwa tukiitii penseli?" Mmoja akacheka. Wengine wote hawakucheka, na yeye akaacha. Mzee mwingine alinitetea kwa hoja yangu mwenyewe, ile ya kitu kilichoishi muda mrefu kuwa na uzito. Nilimwambia akae, kwamba hoja hiyo naijua ilikozaliwa, ilizaliwa kwenye woga.

Walilifuta Azimio la Nane. Kuhusu wewe hawakusema umeshinda, usitegemee. Wamesema suala "limewekwa kando". Lakini walishindwa kukuhukumu kwa kufundisha kwamba maneno ya pembeni yanaweza kugeuka sheria, wakati ushahidi uko kwenye kabati lao. Ratiba ina jina lako. Uenyekiti nimeuacha palepale, na sikuombwa nibaki.

Nilipaka Musa rangi nne, mwanangu, nikajiona shujaa. Kumhoji Musa hakukunitoa jasho, maana hakai mtaani kwetu. Mambo ya nyumbani sikuyagusa hata kwa rangi moja. Uliyoyafanya wewe ni historia. Nilikosea kuiita upekuzi.

Wanamwandikia shangazi yako barua. Nimeiona rasimu yake. Naogopa atakavyojibu, na nafurahi pia.

Baba yako


Tarehe 19 Machi

Kwa Halmashauri ya Kanisa,

Barua yenu ya tarehe 14 nimeipata. Mnasema kwamba baada ya kutafakari kwa kina mmeona vema kuniruhusu kuhubiri, kwa majaribio ya miezi sita, na mahubiri yangu yapitiwe kwanza na kamati. Nilianza kuisoma nikiwa nimekaa, maana nina miaka sabini na miwili. Nilimaliza nikiwa nimesimama.

Ndugu zangu, ninyi hamkunikataza. Madaftari yenu yanasema hivyo, na aliyekuwa mwenyekiti wenu amekiri hivyo mbele yenu. Halmashauri haikupiga kura. Sasa kama hamkunikataza, mnaniruhusu nini? Ruhusa yenu nairudisha ndani ya bahasha hii, safi, haijakunjwa mara mbili. Majaribio mpeni mgeni. Kamati nayo ipumzike, ina kazi ya kutafuta kwaya inayofika kwa wakati.

Siwaombi nafasi. Nawaarifu. Jumapili ijayo, ibada ya kwanza, nitahubiri sura ya kumi na nne ya barua ya kwanza kwa Wakorintho, kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa arobaini. Ile mistari miwili sitairuka. Nitaisoma kwa sauti, mimi mwanamke, ninyi mkisikia. Kisha nitawaeleza binti yetu Mbishi alichokikuta kwenye nakala za kale, na nitasema wazi pale ambapo hana hakika, kwa sababu yeye mwenyewe anasema wazi. Baada ya hapo nitawasimulia habari za mama mmoja niliyemshona nyuzi kumi na moja, na nitaeleza kwa nini siku ile sikuwa na jibu la kumpa. Jibu sasa ninalo, na ni refu.

Atakayetaka kutoka katikati ya mahubiri atoke, simzuii. Ila aufunge mlango taratibu. Mimi nitakuwa bado naongea.

Wenu,
Muuguzi mstaafu, wodi ya wazazi